Ngoma ni ya Nani? Historia ya Sheria Zinazogusa Ngoma, Dansi na Muziki wa Jukwaani

Somo la leo linaanzia kwenye neno moja ambalo bila shaka umekwisha kulisikia: ngoma. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, yaani gogo lililochongwa likawambwa ngozi. Ngoma ni mchezo wenyewe pia. Ndiyo maana tunasema "vijana wanacheza ngoma". Tena ngoma ni shughuli nzima, pamoja na watu wake, uwanja wake, saa zake na vigelegele vyake. Tunasema "Jumamosi kuna ngoma kwa jirani". Neno ni moja na maana ni tatu, wala mzungumzaji hasumbuki kufafanua anakusudia ipi, kwa kuwa katika maisha mambo hayo matatu hayaachani.

Sasa ingia katika Kirundi. Ingoma ni chombo kilekile, lakini ingoma ni utawala pia: zama za mwami fulani ni ingoma yake. Ziweke pamoja maana hizo zote, za Kiswahili na za Kirundi, nawe utaelewa kwa nini sheria inayogusa ngoma haiwezi kuwa jambo dogo. Inagusa chombo, inagusa mwili wa mchezaji, inagusa mkutano wa watu, na mwishowe inagusa swali la nani mwenye mamlaka.

Makala haya yanahusu amri iliyotolewa nchini Burundi tarehe 20 Oktoba 2017 kuhusu ngoma ya asili, pamoja na ndugu zake wa karibu na wa mbali: sheria, kanuni na mapendekezo ya sheria ambayo, kwa nyakati mbalimbali, yamegusa ngoma, kumbi za dansi na muziki wa jukwaani. Mada hii hairudi kwetu mara moja tu. Kila baada ya miaka michache, katika nchi moja au nyingine ya Afrika Mashariki, hutokea pendekezo la aina hii, na watu wengi hulishangilia au kulilaani kabla ya kulisoma. Wewe unayejifunza Kiswahili ujifunze pia kusoma sheria kwa Kiswahili.

Ngoma ya mwami

Katika ufalme wa Burundi, ngoma haikuwa ya kila mtu. Ngoma kuu iliitwa Karyenda. Ilikuwa alama ya ufalme na ilitunzwa kwa heshima kubwa. Zilikuwako nasaba maalumu zilizorithishana kazi ya kutengeneza ngoma, kuzihifadhi na kuzipiga. Mti wake uliitwa umuvugangoma, jina lenye maana ya mti unaozifanya ngoma zitoe sauti. Wapiga ngoma, ambao Kirundi huwaita abatimbo, husimama kwa umbo la nusu duara. Katikati huwapo inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Na ibishikizo huifuata inkiranya inakokwenda. Mojawapo ya mahali ambapo urithi huo ulihifadhiwa ni Gishora, karibu na Gitega, makao yanayohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo wa karne ya 19.

Sikukuu kubwa ya ufalme iliitwa umuganuro. Ndiyo iliyofungua msimu wa kupanda mtama, na katika siku hizo ngoma zilisikika kwa niaba ya nchi nzima. Wabelgiji walipoishika Burundi kuanzia mwaka 1916, baada ya kuwatoa Wajerumani, sikukuu hiyo ilikuwa na mashaka machoni pa watawala na pa wamisionari. Umuganuro wa kifalme hutajwa kuwa ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929.

Hapa pana funzo la kwanza, nalo litatusaidia katika makala yote. Si lazima serikali iukataze mdundo kwa jina lake. Ikiondolewa siku ambayo mdundo hupigwa, au ukifungwa uwanja unaopigiwa, mdundo hubaki bila pa kusimama. Mwanamuziki asiye na ukumbi na mtimbo asiye na sikukuu wako katika hali moja.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Bendera yake ya kwanza, bendera ya ufalme, ilibeba picha ya Karyenda na mtama katikati. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri, na ngoma ikaondolewa katika bendera. Mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu ambazo tunaziona mpaka leo. Chombo kilichokuwa alama ya mwami hakikuweza kubaki alama ya jamhuri.

Hata hivyo ngoma haikunyamaza. Ilitoka ikuluni ikaja kwa watu. Katika miongo iliyofuata ilisikika katika siku za kitaifa na katika mapokezi ya wageni, kisha katika harusi na katika sherehe za wahitimu. Ilisafiri ng'ambo pia: mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alitumia mdundo wa ngoma za Burundi uliorekodiwa katika wimbo wake "The Jungle Line". Vijana wakajifunza kupiga bila kuzaliwa katika nasaba za zamani. Na wasichana nao wakaanza kushika mirisho, yaani vijiti vya kupigia ngoma. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wote.

Amri ya mwaka 2017

Kabla hatujaendelea, tutenganishe maneno manne ambayo wanafunzi huyachanganya. Muswada ni pendekezo la sheria lililoandikwa. Bado halijawa sheria. Sheria ni muswada uliojadiliwa na kupitishwa na bunge, kisha ukatiwa saini. Kanuni ni maelekezo ya utekelezaji, ambayo kwa kawaida hutungwa na waziri au mamlaka nyingine kwa kutumia nguvu iliyopewa na sheria. Amri ni agizo la mwenye madaraka. Ikiwa ni amri ya rais, hutiwa saini, hutangazwa, huanza kutumika. Mwananchi mwenye maoni ana nafasi ya kuyasema muswada ukiwa bungeni. Amri huwa imekwisha kufika anapoisikia.

Kilichotolewa tarehe 20 Oktoba 2017 kilikuwa amri ya Rais Pierre Nkurunziza. Mambo yake makuu yalikuwa haya. Mwanamke alikatazwa kupiga ngoma. Aliruhusiwa kucheza michezo ya asili ya wanawake inayosindikizana na ngoma. Maonyesho ya ngoma yalikusudiwa kuwa ya sherehe rasmi, na mtu aliyetaka ngoma katika shughuli nyingine alitakiwa kuomba kibali cha wizara inayohusika na utamaduni. Kila onyesho la namna hiyo lilitozwa franki 500,000 za Burundi, ziingie katika hazina ya serikali. Vikundi vilitakiwa kutambuliwa na wizara, na kwenda kupiga ngoma nje ya nchi kulihitaji ruhusa.

Tuzipime franki hizo. Wakati huo zilikuwa karibu dola 280 za Marekani kwa bei rasmi ya fedha, kiasi ambacho hakikuwa mbali na wastani wa pato la Mrundi mmoja kwa mwaka mzima. Familia inayooza binti yake, ambayo tayari inawaza chakula, vinywaji na mavazi, ingelazimika kuongeza kiasi hicho kabla ya kumlipa mtimbo hata mmoja. Ni rahisi kuona familia hiyo ingeamua nini. Ingeacha ngoma, ikakodi spika.

Wahenga wa Kiswahili walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Maana yake ni kwamba anayecheza nyumbani kwao hupewa tuzo na watu wake. Sikiliza vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti: kutunza na kutoza. Chini ya amri hii, mcheza kwao alitozwa.

Hoja ya mila

Haki inatutaka tuisikilize kwanza hoja ya walioiunga mkono amri. Walisema kwamba ngoma ya kifalme ni kitu chenye heshima, na kwamba vikundi vimekuwa vingi mno, vikiipeleka ngoma popote penye malipo. Ikiwa dunia imeitambua kuwa urithi, walisema, basi taifa lina wajibu wa kuilinda isigeuzwe bidhaa ya sokoni. Na kwa upande wa wanawake, walikumbusha kwamba katika ufalme mtimbo alikuwa mwanamume.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kuna vitu ambavyo jamii huvitenga na biashara ili visipoteze maana yake. Lakini tuifuate hoja hatua kwa hatua tuone inatufikisha wapi.

Kama kipimo ni mila, mila yenyewe ilisema nini? Ilisema kwamba ngoma ni ya mwami, inapigwa na nasaba teule, katika siku teule. Haikumjua waziri wala hazina wala cheti cha kikundi. Kibali cha wizara na malipo ya franki 500,000 ni vyombo vya dola ya kisasa. Mtimbo anayempokea mgeni wa serikali katika uwanja wa ndege hatimizi umuganuro; anafanya jambo jipya lililobuniwa na jamhuri. Kwa hiyo amri ya 2017 haikuirudisha ngoma katika mila. Iliyakubali mabadiliko ambayo serikali inayahitaji, na ikayakataa mabadiliko ambayo wananchi walikuwa wameyafanya wenyewe: ngoma harusini, na ngoma mikononi mwa wasichana. Mila iliyokwisha kubadilika mara moja haiwezi kuitwa haibadiliki pale tu mwanamke anapokaribia.

Kuna jambo jingine. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilisema katika kifungu cha 22 kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria na kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya jinsi yake, miongoni mwa sababu nyingine. Mwanafunzi wa uraia anapoiona amri inayotaja jinsi ya mtu na kumnyima jambo kwa sababu hiyo, hana budi kuuliza amri hiyo inakaaje chini ya katiba. Kuuliza hivyo si ukaidi. Katiba iliandikwa ili maswali ya namna hiyo yapate mahali pa kuulizwa.

Tazama pia kwa jirani. Nchini Rwanda, ambako ngoma za kifalme nazo zilikuwa kazi ya wanaume, msanii Odile Gakire Katese aliasisi mwaka 2004 kundi la wanawake wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya, au ukipenda, enzi mpya. Katika kundi hilo walikutana wanawake wa pande zote za yale yaliyotokea mwaka 1994, wengine wajane, wengine yatima, wakapiga ngoma pamoja. Ngoma haikupungukiwa heshima mikononi mwao. Nchi mbili zenye urithi unaofanana zilisimama mbele ya swali moja, zikatoa majibu mawili.

Sababu tano, nguo nyingi

Amri ya 2017 si ya kwanza wala ya mwisho katika eneo letu. Ukisoma historia utakuta kwamba sheria zinazogusa ngoma na dansi huvaa nguo nyingi, ila sababu zinazotajwa ni zilezile: utulivu wa nchi, maadili, mila, kelele na fedha.

Chukua utulivu wa nchi. Mwishoni mwa mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu nchini Kenya, ulienea wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu wakati wa ugomvi juu ya tohara ya wanawake. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Katika pwani na bara ya Afrika Mashariki, vyama vya beni, vilivyocheza kwa kuiga gwaride na bendi za kijeshi, navyo vilitazamwa kwa shaka na maofisa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu viliwaunganisha watu kutoka mji hadi mji bila kumwomba mtawala ruhusa. Mtawala hakuchukizwa na sauti. Alichoogopa ni kwamba watu waliokusanyika kucheza waliweza pia kukusanyika kwa jambo lingine.

Chukua maadili. Usidhani kwamba marufuku ni kazi ya wakoloni peke yao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza mwaka 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Wananchi waliandika barua nyingi magazetini juu ya Operesheni Vijana, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza utamaduni wa taifa ni upi na nani aliyepewa kazi ya kuupima. Mjadala huo ni sehemu ya historia ya uraia wetu, na baadhi yake uliandikwa kwa Kiswahili.

Nchini Uganda, Septemba 2018, Waziri wa Maadili Simon Lokodo alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege, lifanyikalo Jinja karibu na Mto Nile. Tamasha likafanyika baada ya uamuzi kulegezwa. Septemba 2022 bunge nalo lilitaka lizuiwe, na mara baada ya hapo Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Katikati ya miaka hiyo, mwanzoni mwa 2019, zilifahamika rasimu za kanuni ambazo zingewataka wanamuziki kuwa na leseni na kupeleka nyimbo zao zikaguliwe. Kanuni hizo zilitaka kusimama juu ya sheria ya maonyesho iliyotungwa wakati wa ukoloni. Ng'ombe alikwenda zamani, kamba ikabaki nguzoni ikisubiri mwingine.

Kelele ni jambo la kweli

Hoja ya kelele naitenga na nyingine, kwa kuwa ina uzito wake. Kibenga ni mtaa wa makazi kusini mwa Bujumbura, jirani na Kinindo, si mbali na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Katika mtaa wa namna hii kuna mgonjwa anayehitaji usingizi, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na mfanyakazi wa zamu anayeamka alfajiri. Kuna pia bwana harusi aliyealika watu, mpiga gitaa anayelisha watoto kwa kazi ya Ijumaa na Jumamosi, na mwenye baa aliyekopa fedha kununua vyombo. Wote ni raia. Haki ya mmoja ya kulala haifuti haki ya mwingine ya kusherehekea, wala ya pili haifuti ya kwanza. Kazi ya sheria nzuri ni kuwapatanisha.

Majirani wamejaribu njia mbalimbali. Tarehe 30 Novemba 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, aliagiza kwamba vilabu vya usiku visipewe leseni katika maeneo ya makazi. Rwanda ilipanga saa: kuanzia tarehe 1 Septemba 2023, sehemu za starehe zilitakiwa kufunga saa saba usiku katika siku za kawaida na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Nchini Uganda baa na kumbi za muziki zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tarehe 24 Januari 2022, karibu miezi 22 baadaye. Na sisi wa Bujumbura hatuhitaji kufundishwa uzito wa saa za usiku: amri ya kutotembea usiku iliyoishi nasi miaka mingi iliondolewa Aprili 2006 tu.

Zilinganishe njia hizo. Moja inapanga mahali, nyingine inapanga saa, nyingine inafunga kila kitu kwa dharura. Inayopanga saa humwachia mwanamuziki kazi yake na humwachia jirani sehemu ya usiku wake. Inayopanga mahali huuliza swali gumu zaidi: mwenye ukumbi ahamie wapi, na atapewa muda gani? Iwapo hakuna jibu, agizo la kuhama ni agizo la kufunga lililosemwa kwa adabu.

Ng'ambo nako

Usije ukadhani kwamba mambo haya ni ya Afrika pekee. Mwaka 1926 mji wa New York ulitunga sheria iliyowataka wenye kumbi kuwa na leseni maalumu kabla watu hawajaruhusiwa kucheza dansi humo. Kati ya mwaka 1940 na 1967 wanamuziki nao walitakiwa kuwa na kadi ya polisi ili wapige muziki katika kumbi hizo. Billie Holiday na Thelonious Monk, watu wakubwa katika historia ya jazi, walinyang'anywa kadi zao wakakosa kazi katika kumbi za mji uliojivunia jazi. Sheria hiyo ya leseni ya dansi ilifutwa mwaka 2017, baada ya miaka 91. Mwaka uleule New York ilipofungua mlango, Gitega na Bujumbura ziliona mlango ukirudishwa.

Ireland ilitunga sheria ya kumbi za dansi mwaka 1935, na dansi zilizokuwa zikichezwa majumbani na njia panda zikabanwa. Uingereza, mwaka 1994, ilitunga sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikesha ya muziki ya wazi, na ikaueleza muziki huo kwa kutaja midundo inayojirudiarudia. Fikiri: ni ngoma gani ya Afrika ambayo mdundo wake haujirudii? Japani ilikuwa na sheria ya mwaka 1948 iliyozibana kumbi za dansi. Kwa miaka mingi haikutiliwa mkazo, kisha katika miaka ya 2010 polisi wakaifufua. Wapenzi wa muziki walikusanya saini zaidi ya 150,000, na mwaka 2015 bunge likaibadilisha.

Katika mifano hiyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, sheria huishi kuliko sababu yake. Hofu huisha, karatasi hubaki. La pili, sheria iliyoandikwa kwa maneno mapana humwachia mtekelezaji achague wa kumkamata, na mara nyingi humchagua mnyonge.

Jinsi ya kusoma pendekezo la sheria

Siku moja, hapa Burundi au kwenu, litatokea pendekezo linalogusa ngoma, dansi au kumbi za muziki. Usianze kwa hasira wala kwa shangwe. Liulize maswali haya.

Kwanza, ni kitu gani: muswada, sheria, kanuni au amri? Jibu litakuonyesha kama bado kuna mahali pa kupeleka maoni, na ni wapi. Pili, linataka kuzuia dhara gani? Kelele ni dhara linaloweza kupimwa. "Kuharibika kwa utamaduni" hakuna mizani yake, kwa hiyo dai la namna hiyo lidaiwe ushahidi zaidi. Tatu, linamtaja nani? Likitaja tendo, kama vile kupiga muziki baada ya saa fulani, linamhusu kila mtu. Likitaja aina ya mtu, kama vile mwanamke, simama hapo ukasome katiba. Nne, kibali kinatolewa na nani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na anayenyimwa akalalamike wapi? Kibali kisicho na muda wala rufaa ni marufuku iliyovaa joho la ruhusa. Tano, fedha zinakwenda wapi? Zikirudi katika kufundisha vijana ngoma, zinaulinda urithi. Zikiishia hazina bila maelezo, ni kodi ya furaha.

Wapo watakaokuambia kwamba kuna mambo makubwa kuliko ngoma: njaa, bei ya mafuta, barabara. Ni kweli yapo. Lakini mtimbo aliyezuiwa kupiga harusini amepoteza mkate, si burudani. Msichana aliyeambiwa aweke mirisho chini ameambiwa jambo juu ya nafasi yake katika nchi, na amelisikia vizuri. Ngoma ilipokuwa ya mwami, swali la nani aipige lilikuwa swali la utawala. Ufalme umeondoka tangu 1966, na swali limebaki palepale, ila sasa wanaopaswa kulijibu ni raia.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya muswada, sheria, kanuni na amri. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka nchi yako.

2. "Mcheza kwao hutunzwa." Andika aya moja ukitumia methali hii pamoja na vitenzi kutunza na kutoza.

3. Chukua nafasi ya mkazi wa Kibenga mwenye mgonjwa nyumbani, kisha chukua nafasi ya mpiga gitaa anayefanya kazi katika baa ya jirani. Andika barua mbili fupi kwa mkuu wa mtaa, kila moja kwa adabu, kila moja ikipendekeza saa na masharti ambayo mwenzake angeweza kuyakubali.

4. Je, urithi unaweza kulindwa bila kumzuia mtu kuushiriki? Jibu kwa hoja tatu, ukitumia mfano wa Burundi na wa Rwanda.

Andika majibu yako kwa Kiswahili, hata kama sentensi zitayumba. Mtoto wa mtimbo naye huanza kwa kupiga nje ya mdundo, na hakuna anayemnyang'anya mirisho kwa sababu hiyo.